Mbarika Itakaa Kando ya Ua

Jumanne, Kisaju

Lakini huyo afisa wa mbarika alikuwa na njaa! Bado nacheka.

Wiki nzima nimekosa amani. Baba Mutua, mume wangu, alitaka tung'oe mahindi na maharagwe shamba zima, tupande mbarika ya kukamuliwa mafuta ya magari. Leo afisa wa kampuni inayonunua mbarika amekuja na karatasi za mkataba za kutia sahihi. Nikawapakulia githeri ya mahindi na maharagwe kwanza. Afisa akala sahani mbili.

"Mama, haya maharagwe matamu mmenunua wapi?"

"Yametoka hapo unapotaka tupande mbarika," nikamwambia.

Baba Mutua akaweka kijiko chini. "Na mvua ikikosa, mbarika inaliwa?"

"Hailiwi, mzee. Iko na sumu."

Basi Baba Mutua akamrudishia kalamu. Wamekubaliana mbarika ipandwe kando ya ua tu, mahali mbuzi wa jirani humaliza kila kitu kingine.

Bado naogopa. Mvua ikichelewa, huenda Baba Mutua akabadilisha nia, namjua…

Lakini jioni nimemkuta akipalilia maharagwe, bila kuitwa, akipiga mluzi. Miaka kumi na moja ya ndoa, sikujua anaweza kupiga mluzi.