Mashine ya Kufyekea na Mwethya wa Jumamosi

Baba Dogo, Nairobi

Mdogo wangu Mwende,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa haraka nijue nani mgonjwa. Nashukuru hakuna. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kilima? Mimi nipo. Sina homa wala maumivu, ila nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi.

Unasema wapimaji wa ardhi watafika mwisho wa mwezi, na kichaka kimemeza mpaka wa shamba la marehemu mama hata mawe yake hayaonekani. Jirani anasema mpaka uko huku, wewe unasema uko kule. Unataka nikutumie kwa basi ile mashine ya kufyekea, uitumie Jumamosi mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana kazi za shamba, ukikutana. Tena umeuliza kama hukata nyasi za Nairobi peke yake. Nilicheka, kisha nikatafuta kalamu, maana sikuwahi kukueleza ilivyokuja kuwa yangu.

Ilikuwa ya kiwanda ninachotunza uwanja wake. Ni bomba refu lenye injini nyuma na kisu cha duara mbele, chenye meno kama msumeno. Tulikuwa tukisafisha nyuma ya kiwanda, mimi na Wanjohi, mwenzangu kazini kwa miaka kumi na minane. Nyasi zilikuwa zikijisokota chini ya bati la kinga linalofunika kisu, na kila mara ilinibidi nizime injini nizitoe. Nikachoka. Nikalifungua lile bati nikaliweka kando. Wanjohi naye akaja na fyekeo lake, akasimama ubavuni pangu kama siku zote, tufyeke kwa mstari mmoja, huku tukitaniana nani atabaki nyuma. Nilimwambia akae mbali. Akasema, "Tangu lini Mkamba akafyeka peke yake?" Nikacheka nikaendelea. Kisu kikagonga jiwe lililofunikwa na nyasi, nalo likaruka, likampata jichoni.

Hospitalini walishindwa kuliokoa jicho hilo. Nilipokwenda kumwona sikujua pa kuweka mikono yangu. Akaniambia, "Keti, Mutua. Wewe huna mengi ya kutazamwa; moja litatosha."

Tangu hapo hakuna mfanyakazi anayeigusa mashine hiyo, na meneja akaniambia niiondoe stoo, niende nayo.

Kwa hiyo siitumi. Nakuja nayo mwenyewe Alhamisi. Bati nimelirudisha, fundi mmoja wa Kariobangi amelikaza kwa bolti mpya. Buti ninazo, na miwani ya wachomeleaji nimepata. Ijumaa asubuhi nitapita kwanza kwa miguu niokote mawe, chupa na nyaya, ndipo nifyeke siku hiyo hiyo. Karibu na mawe ya mpaka nitatumia panga, maana kisu kile kikigusa kitu kigumu hurusha teke kama punda.

Ninachokiogopa ni wema wa watu. Wanawake wa mwethya wataona aibu kuniacha peke yangu, mzee mwenye mvi, nao wana mapanga mikononi. Watakuja kusimama ubavuni pangu. Wazuie, Mwende, hata wakikuita mchoyo. Ndani ya hatua thelathini, asisogee mtu. Zamu yao ni Jumamosi, waje wazoe majani na kuimba wapendavyo. Wapimaji wakikuta shamba halijaisha, na walikute hivyo. Kipande cha ardhi nitaweza kukigombania barazani. Jicho la mtu sijui nitalidai wapi.

Msalimie mumeo, shemeji yangu Kioko, ambaye najua ndiye wa kwanza atakayetaka kuijaribu; mwambie nimekataa tayari. Msalimie shangazi Kalondu, ugoro wake naubeba.

Na wewe, usiniletee chai shambani. Iweke mlangoni, uifunike. Nitazima injini, ningoje kisu kisimame kabisa, niifuate mwenyewe.

Kaka yako,
Mutua