Picha Yangu kwenye Ukuta wa Waliofaulu

Tanvi, nijibu.

Unajua baba amefika huku Kota, mji wa tuisheni, leo asubuhi tuchague tuisheni ya kurudia mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Nishafeli mara mbili, hii ndiyo ya mwisho.

Kituo cha tano cha tuisheni, mshauri wao akatusifia vitabu vyao weee, halafu akasema, "Mzee, usinisikilize mimi. Tazama ukuta. Wote hao tumewafundisha sisi."

Tukatazama. Tanvi, nipo pale. Mimi. Wamenivisha koja la maua, wameandika nafasi ya 412 India nzima.

Ni ile picha niliyobandika kwenye fomu ya jaribio lao la bure mwaka juzi. Sijasoma pale hata siku moja.

Mshauri wala hakunitambua. Anaendelea tu, "Na binti yako atakuwa kama hawa."

Nikangoja baba alipuke. Baba huyu huyu anayegombana na muuza nyanya. Wapi! Ameukodolea macho ukuta.

Kisha akamuuliza yule mshauri, taratibu kabisa, "Naweza kupata nakala ya ile picha ya nafasi ya 412? Nimpelekee mama yangu kijijini."

Mpaka sasa hajanitazama usoni.