Kinanda Kizito Nakirudisha Dukani

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe taratibu. Binti yako anywe dawa saa nane, akishakula.

Kinanda kilicholetwa asubuhi usikitafute, naondoka nacho. Nilifungua boksi kwa furaha, nikakuta vitufe vizito kama vya piano. Nikampigia simu muuzaji wa dukani nikidhani amekosea. Akacheka: "Shemeji, mlipomaliza kuchagua, mumeo alirudi kesho yake akabadilisha. Alisema mmekubaliana."

Tulikubaliana lini? Mbele ya muuzaji huyohuyo ulisema, "Chagua wewe, mpigaji ni wewe." Nikachagua chenye vitufe vyepesi, maana ile programu yangu ya kompyuta yenye sauti za ogani za zamani za kanisani inataka vidole viteleze, na mkono huu tangu uvunjike hauwezi kubonyeza kwa nguvu. Wewe ndiye uliyenifunga bendeji kila asubuhi, miezi miwili. Angesahau mtu mwingine, si wewe. Kumbe ulitaka chako mwenyewe cha kujifunzia piano! Ungesema tu, tungeshauriana. Kikulacho ki nguoni mwako, leo nimeamini.

Nguo zikikauka, zianue.

Teksi imefika. Naenda kuchukua kile nilichochagua mimi. ~~Usinifuate.~~ Njoo dukani unibebee, boksi hili nimelifikisha mlangoni tu na mkono umeshaanza kuuma. Ila ukifika, kabla hujalishika, utamwambia muuzaji kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hatukukubaliana.

Mama watoto