Dirisha la Binti Mfalme

Zacatelco, 6 Mei

Mama yangu mpenzi,

Hapana, Eleazar hakunifunga kamba, wala hakunitia kitambaa mdomoni! Mama wa ubatizo aliponiletea swali lako nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Hujambo lakini? Kiuno kimepoa? Na kaka Rutilio, bado anaapa atamvunja mume wangu meno? Sisi wazima. Nina furaha hata chakula hakipiti: Eleazar huniimbia alfajiri akikanda unga wa mikate, na akirudi kuuza huninusa shingo na kusema nanukia mdalasini. Mama mkwe anatuita njiwa wasio na kazi.

Sasa nikueleze kilichonichanganya. Jumapili Eleazar alinunua gulioni ile katuni yetu ya binti mfalme aliyeibwa na mfalme wa tai. Unakumbuka tulivyoitazama mpaka mkanda ukakatika, wewe unapiga pasi na kuimba? Nilimwambia Eleazar anyamaze kama yuko misani. Nyimbo zote bado nazijua, neno kwa neno.

Lakini Mama, hakuibwa! Wimbo wa dhoruba unapoanza, yeye mwenyewe anaondoa komeo la dirisha. Nilirudisha nyuma mara tatu. Utotoni nilikuwa natazama mabawa tu. Kisha malkia, mama yake, anaingia, anakuta kitanda kitupu, na wala hapewi wimbo. Anafunga dirisha, basi, tunahamia harusini.

Nikaangua kilio. Eleazar akaniambia, we bibie, si katuni tu hiyo! Mikate nimekupa, mapenzi nimekupa, sasa nikutafutie na tai? Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Mpaka leo sijui nilikuwa namlilia nani. Nampenda mume wangu kupita kiasi, na wewe nimekukosea, na yote mawili yamo kifuani mwangu kwa pamoja. Sielewi yanakaaje.

Basi sikiliza, na kwanza uketi. Eleazar hakuniiba. Alitaka kuja kuposa na baba yake, kama watu. Mimi ndiye niliyemwambia anisubiri na baiskeli nyuma ya kanisa, maana niliogopa utasema tungoje mwaka. Mtaa uliposema nimeibwa, nikanyamaza. Naye amebeba lawama yangu miezi miwili, hata Rutilio alipomtukana sokoni mbele ya wateja, hakujibu.

Wakwe wamekwisha kuandaa vikapu vya mkate na chokoleti, na bata mzinga wa kuja kukuomba radhi. Desturi inataka Eleazar apige magoti mlangoni pako. Nimekataa. Yeye atashika bata mzinga. Atakayepiga magoti ni mimi, majirani wote wakiona, na nitasema kwa sauti nilichokuandikia hapa.

Nisalimie Rutilio, umsomee barua hii yote. Mama wa ubatizo mbusu kwa niaba yangu. Sijui kama utatufungulia, Mama, lakini kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni pako.

Mwanao akupendaye,
Yadira