Chumvi ya Senene

Jumanne, 2 Novemba 1954. Nshamba.
Darasa la jioni la watu wazima, kama kawaida. Kitabu cha kusomea nimekifungia kabatini. "Baba analima shamba." Nani mwenye mvi anahitaji kuambiwa hilo? Kila mmoja achague jambo analolipenda, alisome na kuliandika hilo. Ta Rwegoshora kachagua miche ya kahawa. Mkewe, Ma Koku, kacheka kwanza, kisha kasema senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Nimetembea kurudi nyumbani nikijipongeza.

Jumanne, 9 Novemba
Mvua. Senene wameanza kuanguka. Ma Koku ameandika peke yake jinsi ya kuwanyonyoa mabawa, kuwatoa miguu na kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Mkono mzito, ulimi nje, haoni mtu. Hakuna anayemfikia. Bwana Maendeleo, afisa wa serikali anayesimamia madarasa haya, anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Bukoba. Nitamweka huyu mbele.

Jumamosi, 20 Novemba
Sitaki kuandika.

Alisoma vizuri. Hata watu wa madukani walisimama madirishani kumsikiliza. Ningeishia hapo. Lakini nilitaka mgeni aone kwamba mama huyu hakukariri, anakijua anachokiandika. Sifa zangu tu. Nikamuuliza anajuaje kama chumvi imetosha. Akajibu upesi, bado ana furaha usoni:

"Naonja, Mwalimu."

Senene ni chakula cha wanaume. Mwanamke anawachambua, anawakaanga, anaandaa, yeye hali. Nilijua. Baba alitoka pwani, lakini mama ni Mhaya na nimekulia Hamugembe, hapo Bukoba mjini, sina pa kujificha. Mtu akacheka dirishani. Ta Rwegoshora akachukua kofia yake, akatoka. Bwana Maendeleo hakuelewa kitu, akapiga makofi. Na mimi nikapiga naye.

Jumatatu, 22 Novemba
Ma Koku amerudishwa kwao Kaagya. Nimezisikia habari dukani, wanacheka. Nimeondoka bila kununua sabuni.

Alhamisi, 25 Novemba
Nimekwenda kwa Ta Rwegoshora. Nilitegemea matusi. Amenikaribisha ndani, akanipa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima. Heri angenitukana. Nikaomba radhi, akanisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua anaonja," akasema. "Hata mama yangu alikuwa anaonja. Nilijifanya sijui, tukaishi vizuri. Sasa umemsemesha mbele ya watu, Mwalimu. Nitajifanyaje tena?"

Najichukia.

Jumanne, 30 Novemba
Wamekuja wachache, wanawake hakuna. Waliokuja wameandika majina yao tu. Sikuwalazimisha.

Jumanne, 14 Desemba
Ma Koku amerudi. Mumewe alimfuata mwenyewe Kaagya, watu waseme wanavyotaka. Jioni wamekuja darasani wote wawili. Ma Koku kakaa nyuma kabisa. Senene wamekwisha, hakuna aliyewataja.

Nikamwendea, nikamwambia polepole achague jambo lingine, lolote lile. Hakuinua macho.

"Andika wewe ubaoni, Mwalimu. Mimi nitanakili."

Nikafungua kabati, nikatoa kitabu. Nikaandika: Baba analima shamba.

Amenakili vizuri. Hakukosea hata herufi moja.