Uliiziba Pua Pikapu

Baba Blessing,

Mtori uko kwenye chupa. Mbuzi hawajapewa majani. Ufunguo wa pikapu usiutafute, ninao mimi.

Ulipoenda kwaya asubuhi, mimi na Blessing tumerudia kipimo chako cha jana. Tumepasha injini moto, tumetoa plagi zote nne, tumefunga ile geji ya kupimia mgandamizo wa hewa uliyoazima kwa Ajit wa duka la spea. Jana ulinikalisha kwenye usukani ukasema, "Piga stata tu, usiguse kitu." Nikatii. Kila silinda mshale uliishia themanini, nawe ukavua kofia ukatangaza msiba: injini imekufa, tuuze chuma chakavu.

Sasa leo mwanao kasoma ile karatasi ya maelezo uliyofutia mikono. Imeandikwa: kanyaga mafuta mpaka mwisho, hewa iingie. Nikakanyaga. Mia na sitini! Zote nne! Blessing karuka mpaka kuku wamekimbilia kwa jirani, na mimi nimecheza na spana mkononi. Mume wangu, injini ni nzima. Uliiziba pua, halafu ukashangaa haipumui!

Geji mrudishie Ajit. ~~Mpigie yule mnunuzi asije.~~ Nimeshampigia mwenyewe, nilishindwa kungoja.

Tumepanda nayo mlimani, Kilema, kuchukua ndizi kwa mama. Ukitaka kuja, piga simu nishuke kukuchukua. Ila utakaa nyuma na mikungu, na usiguse kitu.

Mama Blessing