Amina Niliyoitikia kwa Ajili ya Krete

Baba,

Nilikuwa nakumiminia chai baada ya shifti yako ya usiku, kama kila asubuhi, mara ukatandaza ramani juu ya chapati. "Haya, Velma, nikistaafu nihamie Malta au Krete? Mashua yangu niifunge wapi?" Nikajibu, "Vile utakavyoamua, Baba." Papo hapo ukafumba macho, ukamshukuru Mungu kwa Krete na kwa binti aliyekubali. Nikaitikia amina. Ningekatizaje maombi?

Maharagwe yako kwenye friji. Ukiamka uhamishe gari, watu wa jiji wanakuja kuzoa theluji barabarani.

~~Chagua Malta, wanajua Kiingereza.~~ Hapana. Sikukubali kisiwa chochote. Tangu Mama atutoke tumebaki wawili, na wewe unatapika hata kwenye vijiwimbi vya Ziwa Minnetonka la hapa kwetu. Huko nani atakushikia ndoo? Najuta kwamba niliitikia ile amina.

Kabla ya kutoka nilisimama mlangoni kwako. Ulikuwa unakoroma, ndiyo maana nikathubutu. Neno langu nililisema kwa sauti, na sasa naliandika ulisome ukiwa macho: Baba, twende wote, au usiende.

Mwanao wa pekee